Maneno Haya Anaambiwa Nani?

Swali la dondoo mnalijua. Mnapewa maneno yaliyotolewa katika tamthilia au riwaya, kisha mnaambiwa: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Alama ni nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Katika miaka ambayo nimesahihisha kazi za wanafunzi wangu, nimeona kwamba alama ya msemaji hupatikana kwa urahisi, ya mahali hubahatishwa, na ya sababu huandikiwa aya nzima hata pale sentensi moja ingetosha. Ya msemewa ndiyo inayotupwa. Mwanafunzi anajua fika kwamba maneno ni ya Tunu, lakini hajali Tunu alikuwa akimwambia nani. Majoka? Sudi? Umati? Kwake yeye ni mamoja, mradi maneno yamesemwa.

Si mamoja. Nimesoma kwa miaka mingi habari za waandishi waliofungwa, vitabu vilivyonyang'anywa na michezo ya kuigiza iliyopigwa marufuku, na kila nikisoma narudishwa kwenye alama hiyo moja. Watawala wamewahi kuvumilia maneno makali kupindukia, kwa kuwa waliyajua hayatamfikia mtu wa kuyafanyia kazi. Watawala hao hao wamemtia mtu ndani kwa maneno mapole zaidi, kwa kuwa yalifika kwa hadhira waliyoiogopa. Mnaposoma maudhui ya udhalimu wa uongozi katika vitabu teule, swali la "nani anasikia?" litawafungulia milango ambayo orodha ya sifa za kiongozi dhalimu haiwezi kuifungua.

Nianze na Fumo Liyongo, kwa kuwa mmekutana naye katika fasihi simulizi. Wengi mnamkumbuka kwa kimo chake, nguvu zake na sindano ya shaba iliyomuua. Mimi hupenda zaidi sehemu ya gerezani. Liyongo amefungwa Pate, analindwa usiku na mchana, na shauri la kumuua limekwisha kukatwa. Mamake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Askari wakiona chakula kizuri wanakila wao, mfungwa wanamwachia makombo. Basi Liyongo anampa Saada ujumbe kwa njia ya wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mkate unaokwa, unaletwa. Askari wanautazama, wanaona pumba tupu, wanaudharau, unapita. Baadaye yanapigwa magoma ya gungu na watu wanaimba kwa kelele, naye Liyongo ndani anakereza pingu pasi na mtu kusikia mlio wa chuma.

Mkate ule unafundisha jazanda kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Ni kitu kimoja kilichopokewa na watu wawili. Wa kwanza aliona pumba, wa pili akaona tupa. Aliyeuoka alijua tangu mwanzo kwamba utapita mikononi mwa wote wawili, akautengeneza kwa kuwafikiria wote wawili.

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, naye mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali hiyo hiyo, akipokea mshahara wake. Nchi yake ya kubuni akaiweka angani. Huko angani Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi mambo ya heri, na wote wakaishia kuadhibiwa na nchi yao wenyewe. Afisa wa kikoloni akiisoma ataona hekaya ya wafalme na mawaziri. Msomaji wa Tanga aliyewahi kunyimwa haki barazani ataona kitu kingine. Mkate wa wishwa tena.

Tangu hapo, nchi zisizo kwenye ramani zimejaa katika fasihi yetu. Butangi katika Kifo Kisimani. Sagamoyo katika Kigogo. Matuo katika Nguu za Jadi. Msichana mmoja darasani kwangu aliwahi kuniuliza swali ambalo lilinipendeza: "Mwalimu, hawa waandishi wa siku hizi wanamwogopa nani?" Ni swali la haki. Kithaka wa Mberia alichapisha Kifo Kisimani mwaka 2001 na Pauline Kea akachapisha Kigogo mwaka 2015, wala vitabu hivyo havikufichwa, vilitahiniwa kitaifa. Kwa hiyo, tahadhari: usiandike katika mtihani kwamba "mwandishi ametumia jina la kubuni kwa sababu aliiogopa serikali" kama huna ushahidi. Jina la kubuni lina kazi nyingine pia. Linamruhusu msomaji wa Bungoma na wa Lamu kila mmoja aone kwao. Lakini mazoea hayo ya kuficha nchi tumeyarithi kutoka kwa watu ambao kwao hayakuwa mazoea ya sanaa tu, na ndiyo sababu ninachukia kusoma katika karatasi za wanafunzi kwamba jazanda ni ya "kuipamba kazi". Pambo ni kitu unachoweza kukiondoa na nyumba ikabaki imesimama.

Kuna na mtu ambaye hakuficha. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akalelewa katika ukoo wa washairi na wanazuoni. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mfuasi wa chama cha KPU kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka huo, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karatasi za uteuzi za wagombea wa KPU zilikataliwa na wagombea wa KANU wakapita bila kupingwa. Abdilatif akaandika waraka wenye kichwa kilicho swali, "Kenya: Twendapi?", ukasambazwa kwa siri. Haukuwa na mafumbo. Haukuwa na nchi angani. Uliandikwa kwa Kiswahili cha nathari ambacho mchukuzi wa bandarini angekielewa akisomewa mara moja, na nchi iliyotajwa ilikuwa Kenya. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akaanza kutumikia kifungo cha miaka mitatu.

Hapa mwanafunzi makini atofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana. Abdilatif alifungwa: alipelekwa mahakamani, akahukumiwa. Wengine nitakaowataja waliwekwa kizuizini: hawakuona hakimu, hawakusomewa mashtaka, hawakujua watatoka lini. Katika insha zenu nyote huandika "alifungwa" kwa hali zote mbili. Kwa aliyekuwa ndani, tofauti ni kubwa. Mfungwa huhesabu siku zilizobaki. Aliye kizuizini hana cha kuhesabu.

Gerezani Abdilatif alitunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yalichapishwa na Oxford University Press kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yamo mashairi kama "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambalo ni ugomvi wa ndugu wawili juu ya mnazi mmoja, na "Mamba", linalohusu mnyama anayejiona hashindiki. Mkate wa wishwa umerudi: mtu aliyeandika waziwazi akafungwa, sasa anaandika juu ya minazi na mamba.

Halafu likatokea jambo ambalo mtunzi wa tamthilia angeogopa kulibuni. Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Rais bado alikuwa Jomo Kenyatta. Mtu aliyefungwa na serikali ya rais huyo alitunukiwa tuzo yenye jina lake, kwa mashairi aliyoyatunga ndani ya jela zake, mwenyewe akiwa ameshahamia Dar es Salaam. Mkiulizwa mfano wa kinaya cha hali, huo ni wa kweli na una tarehe.

Ilikuwaje? Waamuzi wa tuzo walikuwa na macho ya kuona ushairi bora, hilo halina shaka. Lakini ninavyoona mimi, na hili ni la kwangu, kuna jibu lingine katika alama ya msemewa. Waraka ulikuwa wa watu wa mitaani. Diwani ilikuwa ya Kimvita kizito, yenye vina, mizani na msamiati ambao hata walimu wa bara huhangaika nao hadi leo. Mwandishi ni yule yule, na msimamo wake haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni idadi ya watu ambao wangesikia na kuelewa siku hiyo hiyo.

Nilikutana na diwani hiyo kwa njia ambayo bado inanifikirisha. Mwalimu aliyenifundisha fasihi mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa na nakala yake. Aliijaladi kwa karatasi ya kaki na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: "Jiografia, Kidato cha 2." Alitusomea mashairi mawili matatu Ijumaa alasiri, na kila viatu viliposikika kwenye veranda aliteremsha sauti, akingoja vipite, kisha akaendelea palepale alipoachia. Sisi tulidhani kitabu kimepigwa marufuku. Hakikuwa kimepigwa marufuku. Kilikuwa kitabu kilichopewa tuzo ya taifa, kikiuzwa madukani. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya msako wa Mwakenya, ambapo wahadhiri, walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu walikamatwa, na wengine wakateswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mwalimu wangu hakuhitaji kuambiwa na mtu kitabu kipi kimekatazwa. Alijikatazia mwenyewe, na akaongezea vingine juu, kwa usalama. Udhibiti ukishafika hapo, serikali inaweza kulala. Kila mwalimu, mchapishaji na mzazi amekuwa askari wa mlangoni bila mshahara.

Hilo ndilo gumu kuliona mnaposoma tamthilia, kwa sababu jukwaani mtu lazima atende. Majoka akiamuru, tunamwona. Yule ambaye hakusema kitu kwa kuwa alijizuia hatumwoni, wala kitabu ambacho hakikuandikwa hakiwezi kuwa kitabu teule. Mara nyingine hubaki alama ndogo. Tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaptula la Marx, iliandikwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, ikichekesha na kuchoma siasa za ujamaa za wakati ule, lakini ilichapishwa mwaka 1999. Miaka ishirini hivi kati ya kuandikwa na kuchapishwa. Muda huo mrefu nao ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe.

Sasa nije kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, kwa kuwa kwake jambo ninalolisema lilijaribiwa kama jaribio la maabara: mwandishi mmoja, mwaka mmoja, kazi mbili, hadhira mbili. Mwaka 1977 alichapisha riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood. Ndani yake wakubwa watatu wa kiwanda cha pombe wanauawa, na kadiri uchunguzi unavyoendelea tunaonyeshwa jinsi wenye nchi walivyoiuza na kuila. Ni riwaya kali isiyomsaza mtu. Mwezi Julai ilizinduliwa Nairobi, na aliyeizindua ni waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Mwandishi alirudi nyumbani akalala.

Mwaka huo huo, kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wakiandaa tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Jukwaa la wazi walilijenga wenyewe. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama waliwasahihisha waandishi: mzee hasemi hivi, msichana hamjibu babake hivi. Kwa hiyo hadhira iliingia ndani ya matini kabla hata ya siku ya kwanza. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu na kwa mabasi ya kukodi. Tarehe 16 Novemba leseni ikaondolewa. Ulikuwa umeishi wiki sita na siku chache. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ alichukuliwa nyumbani kwake usiku, akapelekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, akakaa humo hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya Kenyatta kufariki.

Pimeni wenyewe. Malalamiko ya kazi zile mbili yanakaribiana: ardhi, ujira, matajiri wapya, dini iliyogeuzwa pazia. Ukiorodhesha maudhui utapata orodha karibu moja, na mwanafunzi anayejua kuorodhesha maudhui tu hataona kwa nini moja ilizinduliwa na waziri na nyingine ikamtoa mtu nyumbani kwake usiku. Atakayeuliza "anaambiwa nani?" ataona mara moja.

Kule Kamiti Ngũgĩ naye aliandika kwenye karatasi za chooni. Ameeleza kwamba zilikuwa ngumu na za kukwaruza, na ugumu huo ndio uliozifanya zishike wino vizuri. Aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Siku moja ukafanywa msako, karatasi zote zikachukuliwa. Wiki kadhaa baadaye afisa alizirudisha, akamwambia kwamba haoni ubaya wowote ndani yake, ila Kikuyu chake ni kigumu sana. Kila nikisoma kisa hicho nacheka, halafu nawakumbuka askari wa Pate na mkate wao wa pumba.

Riwaya iliyofuata haikuwa na bahati hiyo. Matigari ma Njirũũngi ilitoka mwaka 1986, Ngũgĩ akiwa tayari uhamishoni. Inamhusu mpiganaji anayerudi kutoka msituni akizunguka nchini na kuuliza watu wapi ukweli na haki zinapopatikana. Ngũgĩ amesimulia kwamba zilisikika habari kuwa wanavijiji wanazungumza juu ya mtu aitwaye Matigari anayepita akiuliza maswali hayo, ikatolewa amri akamatwe, na ndipo ilipogunduliwa kwamba ni mhusika wa kitabuni. Mwaka 1987 polisi walikusanya nakala za riwaya hiyo madukani. Acheni kicheko kidogo, mtazame maana yake. Watu hawakuwa wakizungumza juu ya kitabu. Walikuwa wakizungumza juu ya mtu. Riwaya ilikuwa imetoka kwenye karatasi na kuingia vinywani, matatuni na vilabuni. Serikali haikukosea sana ilipomwogopa mtu asiyekuwepo.

Alamin Mazrui nitamtaja kwa ufupi, ingawa anastahili makala yake. Tamthilia yake Kilio cha Haki, iliyo na Lanina kama kiongozi wa wafanyakazi wanaodai haki shambani, ilichapishwa mwaka 1981. Mwaka 1982 aliwekwa kizuizini. Mashairi yake ya kizuizini yalitoka mwaka 1988 kama Chembe cha Moyo. Katama Mkangi, aliyekuwa mhadhiri wa sosholojia, aliwekwa kizuizini mwaka 1986; riwaya yake ya baadaye ina nchi nyingine isiyo kwenye ramani, Walenisi, na ukilitamka jina hilo polepole utasikia: wale ni sisi.

Wala msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Huko Leningrad, wakati wa Stalin, mshairi Anna Akhmatova alikuwa akipanga foleni nje ya gereza pamoja na wanawake wengine, mwanawe akiwa ndani. Alitunga mashairi juu ya foleni ile. Kuyaweka nyumbani kungemwangamiza. Basi aliandika shairi kwenye kipande cha karatasi, rafiki aliyemwamini akalisoma kimya hadi alihifadhi kichwani, kisha karatasi ikachomwa moto. Kazi nzima, iitwayo Requiem, ilikaa hivyo ndani ya vichwa vya watu wachache. Ilichapishwa Munich, Ujerumani, mwaka 1963, na katika Umoja wa Kisovieti wenyewe mwaka 1987. Sisi tuliozoea kufundisha kwamba fasihi simulizi ilitangulia na andishi ikafuata, hapa tunaona andishi ikikimbilia kwa simulizi kuomba hifadhi. Na msemewa wake walikuwa wangapi? Watu wa kuhesabika. Lakini hata hao wachache wangetosha kumtia mtunzi matatani.

Sasa rudini kwa Kigogo, hata kama si kitabu mtakachotahiniwa. Maandamano yanatangazwa na runinga ya Mzalendo, na Majoka anataka kituo hicho kifungwe, pawe na kituo kimoja tu, kile kinachomsifu yeye. Wanafunzi huandika: "Majoka ni dikteta kwa sababu anafunga vyombo vya habari." Sawa, hoja ni sahihi na utapata alama. Lakini songeni hatua moja. Maneno ya Tunu yamekwisha kusemwa. Kufunga runinga hakuyafuti. Kinachokatwa ni waya kati ya Tunu na mtu aliyeketi nyumbani kwake ambaye hakuwepo kwenye maandamano. Majoka anamjua Tunu na anajua hamnyamazishi kirahisi. Yule wa nyumbani ndiye asiyemjua, na ndiye anayemnyima usingizi. Insha itakayomleta mtu huyo asiye na jina, asiyezungumza hata mara moja tamthiliani, ni insha ambayo mtahini ataisoma akiwa macho.

Katika Nguu za Jadi fanyeni vivyo hivyo na Mtemi Lesulia. Kila anapotoa amri au hotuba, au anapomtuma mtu kwa siri, jiulizeni ni nani aliyeruhusiwa kusikia na nani aliyefungiwa nje. Andikeni pembeni mwa ukurasa kwa penseli, "mbele ya nani?" Mtashangaa ni mara ngapi jibu linabadilisha maana ya maneno. Uongo unaosemwa hadharani na ukweli unaosemwa chumbani hutoka kinywani mwa mhusika mmoja, na mtu anayenukuu dondoo bila kutaja hadhira anaweza kumpa mhusika sifa asiyokuwa nayo kabisa.

Mwisho, kuna mfano ulio karibu nanyi kuliko yote, kwa kuwa waliohusika ni wanafunzi kama ninyi. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya upili ya Butere walizuiwa kucheza tamthilia yao, Shackles of Doom, katika tamasha la kitaifa la drama. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na mahakama ikaruhusu ichezwe. Miaka kumi na miwili baadaye, shule hiyo hiyo ilikuwa na tamthilia nyingine, Echoes of War, iliyoandikwa na mwandishi yule yule, Cleophas Malala, juu ya vijana na utawala. Mzozo ukazuka tena, na kwa mara nyingine Mahakama Kuu ikaagiza kwamba wasichana waruhusiwe kucheza. Mnamo Aprili 2025 walifika Nakuru. Malala alikuwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku ya maonyesho. Nje, polisi waliwatawanya watu kwa vitoa machozi. Kisheria jukwaa lilikuwa lao. Hakuna aliyewakataza kutamka hata sentensi moja ya mchezo wao. Waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza. Walipoulizwa na waandishi wa habari, walilalamika kwamba mwelekezi wao hakuwepo, na kwamba ukumbini hakukuwa na hadhira.